Kitaa Chekundu cha Hita

Fundi wa umeme hagusi kitu kabla hajakiamkia. Mama mwenye nyumba alimsikia tena bafuni akiinong'oneza hita ya maji, "Habari za tangu juzi, mpenzi? Umezimika tena?" huku akiipapasa kwa vidole vyake vinene kama anayepima homa ya mtoto. Alikuwa ameitwa mara ya tatu. Nyaya alishabadilisha, swichi yake ya ukutani pale ukumbini nayo alishabadilisha, na bado kila mtu akiingia kuoga anakuta maji ya barafu. "Leo ikizima tena, natafuta fundi mwingine," mama alimwambia, wala hakuwa anatania. Fundi akaiwasha, akajikalia ukumbini kimya, jambo geni kabisa kwake, macho kwenye swichi.

Punde akapita bibi, mama mkwe wa mwenye nyumba, na fimbo yake. Akakiona kitaa chekundu cha swichi, akaguna, "Hatari hii!" Akazima, akajiendea zake ameridhika kama aliyeiokoa nyumba isiungue. Mama akafungua mdomo amwite. Fundi akamzuia kwa kidole, mabega yakimtikisika kwa kicheko alichokibana. "Hita yako nzima, mama. Una rangi ya kucha ya kijani?" Akakipaka kile kitaa taratibu, ulimi nje, kama anayempamba bi harusi, kisha akaiwasha tena.

Bibi aliporudi akasimama, akakitazama, akampiga fundi begani. "Hapo sasa umetengeneza, mwanangu. Siku zote hizo ulikuwa unatubabaisha tu."

"Kweli, bibi," fundi akajibu. "Nilikuwa nahangaika na nyaya."