Donge Lililogoma Kuumuka Siku ya Kipaimara

Siku ile siisahau, mwanangu, hata nikitaka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kwetu Nyakatuntu, na mdogo wangu alikuwa anapata kipaimara. Shangazi Koku, mpika mikate wa kijiji kizima, akasema mikate ya sherehe nikande mimi, na wageni wakisifu atanirithisha chungu chake cha chachu. Chachu ndiyo hamira yetu, kipande cha donge anachokibakiza kila akikanda.

Aliniagiza nikandie maji, na sukari kidogo tu. Mimi na ujuaji wangu (wewe na ndugu zako mmeurithi, nawaona) nikasema chachu si inakula sukari? Basi niishibishe iumuke upesi. Maji nikamwaga, nikakanda kwa maji ya ndizi, yale matamu tunayokamua kabla hayajawa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Donge likalala kama jiwe. Nikaongeza sukari. Wapi!

Ibada ikatoka, wageni wakaingia, mkate hakuna. Mama mmoja akauliza kama kwetu bado ni Kwaresima.

Shangazi akalionja donge. "Wewe mtoto, chachu inakuzidi akili. Yenyewe inaonja kwanza, ndipo inakua. Umeizamisha."

Akatoa chungu. Ndani mlibaki kipande kikavu cha akiba, mwezi mzima hakijala. Akakilisha unga na maji, kijiko kwa kijiko. Kesho yake kikatoa mapovu. Chungu hakunipa. Nilikanda kwanza miaka mitatu mbele ya macho yake.

Nimekuja kuelewa ukubwani, darasa la jioni. Mwalimu alisema hamira ni vijidudu hai, kila kimoja chembe moja tu, na ndani kina kitu cha kuonjea chakula. Chakula kikitosha, amri inatoka: kua, jigawe. Kikiisha, kinaacha kukua, kinatunza akiba, kinasubiri. Sukari ikizidi mno inakinyonya maji, kinabaki kujiokoa. Nikacheka peke yangu. Shangazi hakumaliza hata darasa la pili.

Sasa nyie mnanichosha. Kozi moja hamjamaliza, mmeanza nyingine. Kahawa ya hapa haijapaliliwa, mnataka shamba jingine huko Kimuli. Mkipungukiwa kidogo, mnasema Mungu amewasahau. Nimesema mpaka mate yamekauka: mtaka yote hukosa yote. Ukipewa kingi, onja, pima, ndipo ukue. Ukikosa, usioze. Tulia, tunza ulichonacho, msimu utarudi.

Mungu aliyeipa kiasi chembe isiyoonekana kwa macho, akupe na wewe kiasi chako, na uvumilivu wa kukingoja. Chungu kiko kwangu siku hizi. Sijakupa bado.