Jeshi la Fundi Kioo Lilivyopauka

Saa moja kasorobo asubuhi, geti la gereji bado limefungwa nusu, na Fundi Kioo anarekebisha rangi ya kofia ya mtu asiyefika urefu wa kidole gumba.

Mkono uleule ambao juzi ulishika bunduki ya kupulizia na kufunika ubavu mzima wa lori, leo umeshika brashi yenye nywele za kuhesabika. Ameacha kupumua. Nzi ametua kwenye sikio lake, na kwa sasa sikio hilo ni mali ya nzi.

Kofia inapata mstari wake mwekundu. Kioo anashusha pumzi kama aliyeokolewa majini.

"Mwandishi, andika hivi," ananiambia. "Miaka ishirini na mbili napuliza vanishi, haijawahi kuniharibikia. Gari, kabati, askari, chochote kile. Haijawahi!"

Kutoka chini ya gari la jirani, miguu miwili inacheka. Ni ya fundi wa bodi, ambaye amefanya kazi naye miaka tisa na hana siri ya kumtunzia.

"Msimulie na ile Jumanne," inasema miguu.

"Jumanne ipi?"

"Jeshi lilipogeuka jeupe kama limelala kwenye gunia la unga."

Kioo anafunika kichupa cha rangi polepole, akizungusha kizibo mara moja, mara ya pili.

"Ile," anasema hatimaye, "ilikuwa ni hali ya hewa."

Jina la Kioo alipewa na wateja, kwa sababu gari likitoka mikononi mwake unaweza kunyolea ndevu mlangoni. Ana miaka arobaini na sita, mke, watoto wawili, na mama mkwe anayeishi nao. Lakini kwa watu saba wanaokutana kila Jumamosi katika chumba cha juu cha duka la madaftari, yeye ni jemadari wa askari tisini na sita wa plastiki.

Mchezo wao ni vita vya mezani. Juu ya meza kuna vilima vya sponji na nyumba za maboksi. Kila mtu na jeshi lake. Ukitaka kusogeza kikosi unapima kwa tepu, ukitaka kupiga unarusha dadu, na ukishindwa unatafuta cha kusingizia.

Kioo aliuona mchezo huo kwa mara ya kwanza kwenye kiti cha nyuma cha gari alilokuwa akilitengeneza, mali ya mwalimu wa hesabu ambaye ndiye kiongozi wa kikundi.

"Nilicheka mpaka nikakaa chini," anakumbuka. "Mtu mzima, ana shahada, anatembea na midoli! Halafu nikamwangalia mmoja vizuri. Rangi imemchuruzika usoni kama analia. Kicheko kikaniishia palepale. Nikamwambia, Mwalimu, huyu mtu hata kama ni mdogo, ni binadamu. Nipe nimrekebishe."

Akamrekebisha. Akaletewa wa pili. Kufikia wa kumi alikuwa ananunua wa kwake, na mkewe alikuwa anauliza kama hivi vidude vinaliwa.

Kikundi kina sheria moja isiyo na huruma: askari ambaye hajapakwa rangi haingii vitani. Hapo ndipo mwaka jana ulipomwumbua. Alifika kwenye pambano la kufunga mwaka na askari wake wote, thelathini na mmoja, wakiwa bado na rangi ya plastiki, kijivu kama panya. Mwalimu akawahesabu, akavua miwani, akamkabidhi birika. Wenzake walipigana mchana kutwa, na yeye akawamiminia chai.

"Kushindwa nimezoea," anasema. "Mwaka huu nimecheza mapambano kumi na tisa, nikapigwa kumi na mawili, na nikalala usingizi wangu. Ila lile birika, ndugu yangu! Fundi wa rangi, jina langu liko ukutani kwa herufi kubwa, halafu nanyimwa vita kwa kukosa rangi? Niliapa. Mwaka huu ama jeshi zima, ama naacha kabisa."

Kuapa ni rahisi kuliko kupaka. Anafanya kazi siku sita kwa wiki, saa kumi kwa siku. Gari la kupaka zima huja mara mbili kwa mwezi, ukibahatika. Siku nyingine ni mikwaruzo na bampa, fedha za kula na kulipia shule. Brashi na vichupa vya dukani vilikuwa nje ya uwezo wake.

Basi akaanza kukwangua makopo. Kila rangi iliyobaki chini ya kopo la mteja ilihamia kwenye vichupa vya dawa ya kikohozi. Ndiyo maana ukilitazama jeshi lake vizuri unaliona jiji zima. Makoti mekundu yametoka kwenye gari la daktari wa meno. Suruali za manjano ni za basi la shule. Nahodha amevaa kijani cha gari la mzee mmoja ambaye mpaka leo anadai rangi yake ilipunjwa.

"Hakupunjwa," anasema Kioo. "Alichangia ulinzi wa nchi."

Alipaka kila asubuhi kabla ya kazi, nusu saa, askari wawili kwa wiki, mwezi baada ya mwezi. Mara nne brashi iliingia kwenye kikombe cha chai badala ya kopo la kusafishia. Mwezi wa sita mwanawe wa pili alimkanyaga askari mpiga ngoma, askari huyo akaunganishwa shingo kwa gundi, na sasa anapiga ngoma huku akitazama nyuma. Wiki mbili zilizopita, askari wa tisini na sita alikauka. Kilichobaki kilikuwa vanishi, tabaka la mwisho la kulinda rangi isichubuke.

Kwenye ukuta wa gereji kuna tangazo kwa mwandiko wa Kioo mwenyewe: HATUPULIZI VANISHI MVUANI. USIBISHANE NA FUNDI. Kila mteja mwenye haraka ameonyeshwa tangazo hilo.

Jumanne ile mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Hewa ilikuwa nzito, nguo zilizoanikwa zilikuwa bado mbichi. Kioo alikuwa nyumbani, jeshi limepangwa kwenye ubao uani, na furaha imempanda kichwani. Mama mkwe wake, mwenye miaka sabini na mmoja, alikuwa akianua nguo. Akatazama juu, akasema, "Kuna unyevu, baba."

"Ni dakika mbili tu, mama," akajibu. Akapuliza.

Baada ya dakika kumi hapakuwa na jeshi. Palikuwa na mizimu tisini na sita. Nyuso zimefutika, makoti ya daktari wa meno yamekuwa ya waridi, nahodha ameingia ukungu mpaka kwenye masharubu. Kazi ya mwaka mzima.

Ulifanya nini, fundi?

"Nilitulia," anasema Kioo, na hapa anasimama wima. "Fundi hababaiki. Nikajiuliza, tatizo ni nini? Unyevu umenaswa ndani ya vanishi, umeacha vitundu vidogo visivyoonekana, mwanga haupiti. Ukiviziba kwa mafuta, mwanga unapita, rangi inarudi. Nikapaka mafuta. Mmoja mmoja, tisini na sita."

Mafuta gani?

"Ya kitaalamu."

Chini ya gari, miguu inakohoa.

Siku hiyohiyo, Jumamosi, saa nane mchana chumba cha juu cha duka la madaftari kimejaa. Kwa kuwa ni pambano la kufunga mwaka, familia zimealikwa, na viti vya plastiki vimepangwa ukutani mpaka mlangoni. Kioo anafungua boksi na kuwapanga askari wake safu kwa safu.

Mwalimu anainama na kioo cha kukuzia. Anapita safu ya kwanza. Ya pili. Kwa mpiga ngoma anasimama, anatazama shingo, anaendelea. Kando ya meza, birika linasubiri mtu wake.

Muuguzi wa wodi ya wazazi, bingwa wa miaka mitatu, anasogeza pua. Huyu ndiye dada anayepokea watoto wa watu Jumatatu hadi Ijumaa, na kuua askari wa watu Jumamosi.

"Kaka, jeshi lako linanukia waridi," anasema. "Linakwenda vitani au linakwenda kuposa?"

"Ni kemikali, dada. Hutaelewa."

Mwalimu anainuka. "Tisini na sita," anatangaza. "Wote wamepita. Na sijaona jeshi lililopakwa hivi tangu tuanze."

Makofi yanapigwa. Kioo anajifanya anamtafuta askari chini ya meza, na anakaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa askari ambaye hakuanguka.

Pambano lenyewe linachukua saa moja na nusu. Muuguzi anamchapa kama kawaida. Nahodha wa kijani anauawa kwa dadu moja tu. Kioo anampa mkono huku anacheka. Mwenye duka, aliyeleta askari wanane tu, wote bila rangi, ndiye anayemimina chai.

"Mwakani ni farasi," Kioo anasema, kikombe mkononi. "Arobaini, na kila mmoja na rangi ya gari lake. Na yeyote mwenye askari wanaolia rangi, au walioingia ukungu kama wangu Jumanne ile, awalete gereji Jumapili. Nitafundisha."

Mwalimu ameguswa. Anatoa kabatini boksi la askari wake arobaini walioingia ukungu miaka miwili iliyopita, ambao hakuwa na moyo wa kuwatupa. Anafungua daftari la kikundi, anaandika Njia ya Fundi Kioo, anapiga mstari chini yake.

"Haya, fundi. Hatua ya kwanza?"

"Hatua ya kwanza," anasema Kioo, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, "ni kutulia."

"Mkwe wangu."

Sauti inatoka kwenye kiti cha karibu na mlango. Mama mkwe amekaa pembeni ya binti yake, mkoba magotini.

"Naam, mama."

"Hatua ya kwanza ulisema, 'Mama, nimekwisha.'"

Anafungua mkoba na kutoa chupa ya mafuta ya kujipaka yenye picha ya waridi. Imebaki kidole kimoja.

"Niliwaona wamepauka," anamweleza Mwalimu, "kama wajukuu zangu wakitoka kuoga. Sasa mtoto akipauka unamtupa? Nikachukua mafuta yangu, nikaanza na yule mwenye kofia. Mpaka wa sitini nilikuwa peke yangu."

Muuguzi ameweka kikombe chini. "Na fundi alikuwa wapi, bibi?"

"Bafuni. Amejifungia, analia."

"Nilikuwa naosha brashi, mama," anasema Kioo.

"Brashi zote nilikuwa nazo mimi."