Fagio la Mwaija

Tangu utoto wake Kabuku, Mwaija alifunzwa na mama yake kwamba jua lisichomoze uwanja ukiwa haujafagiwa. Hata alipoajiriwa katika kambi ya wageni ya kijiji, kwenye nyika kavu ya Handeni, aliendelea vivyo hivyo: husali alfajiri, kisha hushika fagio lake la chelewa na kufagia kuanzia mahema hadi jikoni.

Kambi ni mali ya wote, wakulima na wafugaji. Asubuhi ile mgeni alikuwa mmoja, lakini mzito: Ritha, wakala kutoka Arusha, aliyekuja siku mbili kuona kama pafaa kuletwa watalii. Wanyama wa huku ni waoga, hunywa lamboni usiku na kutoweka. Watalii wangekuja kusoma nyayo zao kwenye njia ya mchanga. Kwa heshima ya mgeni, siku hiyo Mwaija alifagia njia nzima, mpaka ukingoni mwa maji.

Lenku, Mmaasai anayeongoza wageni, alifika akashika kichwa.

"Mama Mwaija, umefagia tembo!"

"Tembo gani?"

"Wa usiku. Na chui. Wote umewatia kwenye debe la taka!"

Ritha akatazama mchanga ulionyooka kama mkeka mpya. "Nimetoka Arusha kuja kuangalia mistari ya fagio?"

Mzee Muhidini, mwenyekiti wa kambi, alifoka. "Mwaija, kesho usije."

Mwaija aliinamisha macho. Pale chini, juu ya mistari yake, kanga alikuwa amepita sasa hivi na vifaranga. Kila kidole kilionekana, hata cha kifaranga aliyechechemea.

"Mzee, nipe jioni ya leo tu. Nifagie kabla ya magharibi. Kesho mchanga ukiwa mtupu, nitaondoka na fagio langu."

"Mpe, mzee," alisema Lenku. "Kabla ya leo nyayo za mwezi mzima zilikuwa zimepandana. Hata mimi zilikuwa zikinichanganya."

Jioni Mwaija alifagia akirudi kinyumenyume, asiache hata unyayo wake mwenyewe.

Kulipokucha, mikono ilimwasha, lakini fagio hakuligusa. Njiani tembo jike alikuwa amepita, mikunjo ya nyayo ikisomeka kama viganja vya bibi kizee, na mtoto wake akimzunguka kwa mbio. Chui alikatiza baadaye, akakanyaga juu ya nyayo zao. Mbele kidogo Lenku alikwama kwenye michirizi myembamba.

"Nungunungu huyo," alisema Mwaija. "Anaburuza miiba. Naye anafagia!"

Ritha alicheka mpaka akachuchumaa. "Julai naleta kundi la kwanza. Na mama huyu awepo."

Mzee Muhidini alikohoa. "Mwaija, kuhusu kesho..."

"Nisije?"

"Uje. Njoo leo jioni, unifundishe."

Jioni hiyo mwenyekiti alishika fagio, akasonga mbele kwa mbwembwe, viatu vikichapa mchanga nyuma yake.

"Kinyumenyume, mzee!" Mwaija alipaza sauti, na kambi nzima ikaangua kicheko. "Kesho watasema kuna mnyama mpya!"