Simu Yangu Iko kwa Mama Siwema

Leo nimepiga magoti kuomba simu yangu mwenyewe.

Wiki ya pili sasa, kila asubuhi namkabidhi Mama Siwema, jirani yangu hapa Katubuka, simu hadi saa saba mchana ili nisomee mtihani. Sharti niliweka mwenyewe: hata nikilia, usinipe.

Leo saa nne upepo ukavuma, ziwa likachafuka. Na dada yangu yuko kwenye boti, anatoka Kagunga!

Nikakimbia kwa jirani.

"Mama, naomba simu, dada yuko ziwani!"

Akaendelea kuchambua dagaa. "Juzi mama yako kalazwa. Jana baba kaanguka. Leo dada?"

Jamani, juzi na jana nilidanganya. Nilitaka kuchungulia magrupu tu.

Nikapiga magoti, nikaapa. Hata hakuinua macho.

Nikadandia bodaboda hadi Kibirizi, boti zinakofikia.

Nikamkuta dada kakalia begi lake, kaloa chapachapa, mzima.

"Nimepiga mpaka nimechoka! Simu yako iko wapi?"

"Nimempa jirani, ili nisome."

Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Wewe? Usome?"

Nicheni tu. Leo nimesema kweli mara mbili, na hakuna aliyeniamini.