Hatua za Fundi Cherehani

Jirani yangu, fundi cherehani, huongea akiwa na pini mdomoni, na hajawahi kumeza hata moja. Mguu wake wa kulia haujui kutulia. Hata akinywa chai unakanyaga sakafu, kana kwamba kuna pindo linasubiri. Mtaa ulipoanzisha shindano la kutembea mwezi mzima, kuwaenzi walioandamana kwa miguu kudai haki zetu, kila mtu alipewa kifaa cha kuhesabu hatua. Yeye alikifunga juu ya kifundo cha mguu, akaketi kwenye cherehani, akaendelea kushona mashati ya washiriki. Wiki ya pili alikuwa anaongoza. Mimi nilikuwa wa kumi na tisa, na nilikuwa natembea kweli.

Mwenyekiti wa shindano alikuja mwenyewe, daftari kwapani. "Mama, hatua elfu arobaini kwa siku! Umetembea wapi?"

"Hapa hapa."

"Lakini wale mashujaa walitembea, Mama. Hawakukaa."

Fundi alitema pini kiganjani moja moja, zote sita. "Walitembea uchi?"

Mwenyekiti alilitazama shati alilovaa, akafungua daftari, akaandika elfu arobaini.

"Geuka," fundi akamwambia, mguu umesharudi kazini. "Kola imekukaa vibaya."