Mwenye Mhuri Alikuja Ilongero

Sikuwa nimekunywa, na sikuwa nimelala. Jua la jioni lilikuwa bado linawaka, na niliyoyaona niliyaona nyuma ya nyumba ya mwanamke ambaye yu hai mpaka leo. Ukitaka kucheka, cheka, ila nisikilize kwanza.

Asubuhi moja niliondoka Manyoni bila mpango wowote. Ndivyo nilivyo. Shule niliiacha darasa la tano, na tangu hapo nikiona barabara nataka kujua inaishia wapi. Nilipanda lori la magunia ya vitunguu nikiwa na mkoba wa vifaa vya umeme, na ndani yake fomu tatu tupu za kuombea umeme, zilizopigwa mhuri na mtu ambaye tulikuwa tumemzika wiki moja kabla.

Nitamwita Mzee Yona. Alikuwa fundi mwenye leseni. Mimi leseni sina, maana inataka vyeti. Kwa hiyo mimi nilikuwa napanda darini, natoboa kuta, navuta nyaya. Yeye alikuwa anapiga mhuri akiwa amekaa barazani kwake, bila hata kuiona nyumba. Mafundi wengi wa mtaani tunaishi hivyo, kwa sababu fomu isipokuwa na mhuri, watu wa umeme hawaleti mita. Lakini unajua kilichoniuma? Taa zikiwaka, watu wanasema, "Hii ni kazi ya Yona." Vumbi langu, jina lake! Niamini, nilimwonea wivu mzee yule mpaka siku ya mazishi. Nilipotupa udongo kaburini niliwaza: sasa ni zamu yangu.

Lori likanishusha Ilongero, na huko nikampata Mama Hawa. Alikuwa amenunua friji ili auze barafu na juisi ya ukwaju, na nyumba yake haikuwa na umeme. Nikamwambia mimi ni fundi. Akaniangalia kuanzia viatu kwenda juu.

"Mimi namtaka Yona wa Manyoni. Yule aliyemfungia dada yangu umeme."

Nyumba ya dada yake niliifungia umeme mimi, kwa mikono hii! Nikafungua mkoba. "Ni bosi wangu, mama. Mhuri wake huu hapa." Kwamba bosi yuko kaburini, sikusema.

Kazi ilienda vizuri mpaka ethi rodi, ile fimbo ndefu inayozamishwa ardhini ili umeme ukivuja uende chini badala ya kumpitia mtu. Unaijua ardhi yetu ya Singida? Unachimba kidogo, unagonga mwamba. Nilipiga nyundo mpaka viganja vikatoka malengelenge, fimbo ikagoma. Wivu ukanipanda upya. Nijitese, halafu asifiwe marehemu? Nikaikata kwa msumeno wa chuma, nikabakiza kipande kisichozidi kiganja, nikakichomeka kichwa kikiwa juu kama kawaida. Nani angejua? Watu wa umeme walikuwa waje kesho yake.

Nikaenda zangu mgahawani kunywa chai. Niliporudi, Mama Hawa alikuwa anaosha friji lake, miguu peku, mikono inachuruzika maji.

"Mwenzio amekuja," akasema. "Mzee wa heshima huyo! Amevua viatu mlangoni. Siyo wewe, uliyeingia kwangu na matope yako."

Nikajua kuna fundi wa palepale anataka kuniibia kazi. Nikazunguka nyuma na bisibisi mkononi, tayari kwa ugomvi.

Alikuwa amechuchumaa, amenipa mgongo. Koti la kahawia. Lile lile tulilomzika nalo.

Wewe ungefanya nini? Mimi nilisema, "Shikamoo." Mdomo ulijisemea wenyewe.

"Marahaba." Akashika kichwa cha fimbo kwa vidole viwili, akakichomoa kama karoti. "Mimi mlinizika futi sita. Hii umeizika ngapi?"

Nikarudi nyuma hatua moja. Lakini sikia wivu ulivyo: hata mbele ya mfu, nilichopata kusema ni hiki: "Wewe ulikuwa unapiga mhuri umekaa. Na sifa ukachukua zote."

Hapo akageuka. Uso ulikuwa wake, ila macho hayakupepesa hata mara moja. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka na kujaa vumbi jekundu.

"Ndiyo maana sikai tena," akasema. "Kila nyumba niliyoipigia mhuri bila kuiona, naipitia kwa miguu. Unazitaka sifa? Njoo tugawane. Nyumba bado ni nyingi." Akaninyooshea mkono.

Sikuushika mkono ule. Nilikimbia dukani, nikarudi na fimbo mpya, nikachimba upande wa bafuni ambako udongo ni laini. Alisimama akiniangalia. Fimbo ilipozama yote nikainua macho. Hapakuwa na mtu.

Mama Hawa akatokea na vikombe viwili vya chai. "Mzee yuko wapi?"

Nikamweleza yote: kipande cha fimbo, mhuri, kaburi. Fomu nikazichana mbele yake. Akaitazama mikono yake iliyokuwa imelowa.

"Kwa hiyo marehemu ametoka huko kuja kuniangalia, na wewe mzima ulitaka kuniua?"

"Mama, nisamehe..."

"Nenda. Nitamtafuta mwenye leseni, aje na miguu yake." Nilipokuwa nafunga mkoba akaongeza, "Yona ni Yona tu!"

Utaniamini nikikwambia kwamba neno hilo liliniuma kuliko hofu yote?

Kesho yake, kwa kudandia magari na kutembea, nilifika Kinyangiri, mahali ambapo sikuwa nimewahi kukanyaga, nikapata chumba kwenye nyumba ya wageni. Mwenye nyumba akaniuliza kazi yangu aiandike kwenye daftari. Nikashindwa kutamka fundi. "Nachimba mashimo," nikasema.

Na ndiyo kazi yangu mpaka leo. Namchimbia dada mmoja mwenye leseni, ambaye husimama karibu yangu mpaka fimbo izame yote. Sifa zote anapata yeye, na wivu haujaniisha, sitakudanganya. Lakini wewe unayejenga, usipokee karatasi yenye mhuri kabla mwenye mhuri hajakanyaga sakafu yako. Mwambie akuonyeshe fimbo nzima kabla haijazama. Mwite angali anapumua, kwa sababu asipokuja sasa, atakuja.