Usonji Ukubwani

Nilikuwa nimevuka miaka arobaini daktari aliponiambia nina usonji, na kwamba nilizaliwa nao. Nilifurahi, usinicheke. Nilirudi Kibondo nikidhani sasa nitaeleweka.

Nilianza na kaka yangu. Alisema usonji ni wa watoto, mimi nina maringo tu ya kusoma. Wenzangu wa maabara ninakofanya kazi walishangaa, mbona naongea vizuri. Mchungaji aliniwekea mkono kichwani akaniombea kwa sauti kubwa, na kuguswa kichwa ndicho kitu nisichokiweza kabisa. Nilikuwa natafuta mtu mmoja tu wa kuniambia, naam, nimekuelewa. Sikumpata, na iliniuma sana.

Muuguzi mmoja ndiye aliyenidokeza kuwa Kasulu kuna kikundi cha usonji, hukutana Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa. Nikapanda basi. Nilikuta kina mama na watoto wao, wakaniuliza wangu nimemwacha wapi. Nikawaambia mwenye usonji ni mimi. Wote wakageuka kunitazama. Nilianza kutafuta mlango kwa macho.

Mama mmoja kutoka Heru Juu akanifuata. Binti yake alikuwa amejilaza chini ya benchi, ameziba masikio.

"Dada," akaniuliza taratibu, "huyu wangu hanitazami usoni, wala hataki nimshike. Ananipenda kweli?"

Nikamkumbuka mama yangu. Kwetu Buha salamu haiendi mbio. Unasimama, unapiga makofi polepole, unauliza ya nyumbani, ya shamba, ya wagonjwa. Mimi nilikuwa nawapita watu kama miti. Mama alikuwa akija nyuma yangu na kikapu chake cha maharage, anasimama kwa kila mmoja, anasalimia, kisha anaongeza kwamba na mwanawe amewasalimu. Hakuwahi kunigombeza. Ila jioni moja, akichambua mboga, alimwambia jirani kwamba huyu mtoto angemchukia tu waziwazi, ingekuwa nafuu. Nilikuwa mlangoni, nikasikia. Maneno ya kumjibu nilikuwa nayo yote, hayakutoka. Alifariki miaka miwili kabla sijaonana na yule daktari.

"Anakupenda," nikamwambia yule mwanamke.

"Umejuaje?"

"Mimi nilimpenda mama yangu kuliko mtu yeyote, na sikumtazama usoni hata siku aliyokuwa anakata roho."

Alilia pale pale, akaniomba nije tena Jumamosi ijayo. Wengine nao wakasogea na maswali yao, kwa nini watoto wao wanakataa ugali uliogusana na mboga, kwa nini wanapiga kelele mvua ikinyesha kwenye bati. Nikawajibu wote mpaka sauti ikanikauka. Walinishukuru sana, wakanipa kiti cha mbele.

Nililia njia nzima ya kurudi Kibondo. Mama yangu hakupata mtu wa kumuuliza.